Hesabu ya Bima Isiishie kwa Mwenye Mshahara

Msomaji wa safu hii amezoea kutukuta tukizungumza habari za bandari, bei ya karafuu, maji na skuli. Leo tunamwomba atuvumilie tumtaje mtaalamu mmoja wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ambaye wengi wetu hatujapata kulisikia jina lake. Kazi ya mtu huyo, hata hivyo, inahusu jambo linaloingia katika kila nyumba ya Unguja na Pemba: mtu anapougua, nani analipa, na yule anayelipwa analipwa kwa kipimo gani. Mtaalamu huyo anaitwa William Hsiao.

Hatumtaji kwa ajili ya kumsifu. Tunamtaja kwa sababu mwaka 2023 Zanzibar ilitunga sheria ya kuanzisha Mfuko wa Huduma za Afya, na Mfuko huo ukaanza na wale ambao mshahara wao unapita mikononi mwa mwajiri. Hsiao, kwa upande wake, alishiriki mwishoni mwa miaka ya 1980 kuukata mshono wa namna hiyo kwa ajili ya kisiwa kingine, yaani Taiwan. Tunajua kwamba Taiwan ni kubwa kuliko visiwa vyetu mara nyingi, na kwa mali inatuzidi mara nyingi zaidi. Hilo halifichiki. Lakini swali lililowakabili wao ndilo linalotukabili sisi: tukishamaliza kuwahesabu wenye mishahara, waliobaki tunawafanya nini?

Hsiao alizaliwa Beijing mwaka 1936, akaingia Marekani akiwa bado mtoto. Hakuanzia chuoni. Alianza katika kampuni ya bima, akifanya kazi ya kukadiria hesabu: watu elfu moja wakichanga leo, wangapi wataugua, wangapi watazeeka, wangapi watakufa, na siku hiyo itakapofika mfuko utakuwa na kitu au utakuwa mtupu. Kisha akaingia katika idara ya serikali ya Marekani inayosimamia mafao ya wazee, akapanda hadi kuwa miongoni mwa wakuu wa wakadiriaji wake. Ni kazi kavu isiyo na makofi. Mwenye kuifanya huonekana mwenye uchuro katika kila mkutano, maana wenzake wanapotangaza neema yeye ndiye husimama kusema kwamba fedha hazitatosha.

Na uchuro huo ulipata kuhitajika. Mwaka 1972 Bunge la Marekani liliamua kwamba mafao ya wazee yapande kila bei za vitu zinapopanda. Nia ilikuwa njema, lakini kanuni iliyoandikwa ilikuwa na kasoro. Kwa wale waliokuwa bado kazini, kupanda kwa bei kuliingia katika hesabu mara mbili, na kadiri miaka inavyokwenda mafao yangekuja kuumeza mfuko. Jopo la wataalamu lililoongozwa na Hsiao mwaka 1976 lilieleza hatari hiyo na kupendekeza dawa. Mwaka 1977 Bunge likaitengeneza kanuni, ila dawa lililoichagua haikuwa ya jopo. Hatuoni kwamba mtaalamu alidharauliwa. Yeye alileta hesabu hadharani, na wawakilishi wa watu wakachagua huku wakiijua bei ya uchaguzi wao. Tungependa kuuona mtindo huo ukifuatwa kwetu mara nyingi zaidi.

Shahada yake ya juu ya uchumi Hsiao aliipata Harvard mwaka 1982, umri ambao wengine huanza kuhesabu miaka ya kustaafu. Kazi iliyolipeleka jina lake mbele ikaja baada ya hapo, nayo ilihusu ujira wa madaktari. Marekani ina bima ya serikali kwa watu wa umri wa miaka 65 na zaidi. Bima hiyo ilikuwa ikimlipa daktari kufuatana na kile ambacho madaktari wenyewe walizoea kudai. Kwa hiyo aliyeshika kisu alipata kingi, na aliyekaa kitako akamsikiliza mgonjwa, akampima, akafikiri, akampa shauri, alipata kidogo. Hsiao na wenzake waliwaendea madaktari wa fani mbalimbali, wakawauliza kila tendo linachukua muda gani, linataka akili kiasi gani, ujuzi gani, nguvu gani, na linaweka roho juu kwa kiasi gani kwa kuhofia kosa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1988. Mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria juu ya msingi huo, na tangu 1992 bima ile ikaanza kulipa kwa vipimo hivyo.

Je, haki ilipatikana? Nusu nusu. Kazi ya kupendekeza marekebisho ya vipimo ilikuja kushikwa na kamati ya chama cha madaktari, ambayo viti vyake vingi ni vya mabingwa, na pengo kati ya bingwa na daktari wa kawaida halikuzibika. Fundi akiachiwa peke yake kupanga ujira wa fundi, mwenye nyumba asishangae.

Tumelitaja jambo hili kwa kuwa katika mazungumzo ya bima ya afya hapa kwetu, maneno karibu yote huishia kwenye makato: asilimia ngapi, ya nani, tangu lini. Nusu ya pili ya hesabu husahauliwa. Daktari anayelipwa kwa kila sindano atapiga sindano nyingi. Hospitali inayolipwa kwa kila siku ya kitanda haitakuwa na haraka ya kumruhusu mgonjwa. Mwuguzi ambaye mshahara wake ni ule ule, foleni iwe ya watu 10 au 100, atahitaji moyo wa imani kuumaliza mstari kabla ya adhuhuri. Namna ya kulipa ni amri isiyoandikwa, nayo hutiiwa kuliko waraka wowote wa Wizara.

Sasa twende Taiwan.

Kabla ya 1995 kisiwa hicho kilikuwa na bima za afya, tena za zamani. Wafanyakazi walikuwa na yao tangu 1950, watumishi wa serikali tangu 1958, na wakulima walipata yao katika miaka ya 1980. Ukitazama kwa mbali ungedhani kazi imekwisha. Lakini katika kila watu 10, wapatao 4 hawakuwa na bima yoyote. Nao walikuwa nani? Walikuwa watoto, wazee, wake wa nyumbani, watu wasio na mwajiri. Kwa maneno mengine, walioachwa nje ndio walioihitaji zaidi. Hakuna aliyekaa akapanga kuwatupa. Walitupwa na utaratibu wenyewe, kwa sababu bima ilijengwa juu ya karatasi ya mshahara, na mtoto wa miaka miwili hana karatasi hiyo.

Serikali ya huko iliunda kikosi cha kuandaa mpango mpya, na Hsiao akawa mshauri wake mkuu. Walitazama Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Kanada, Japani na Marekani. Hawakuiga nchi moja kwa ukamilifu. Walichukua hapa, wakaacha pale, na Marekani, alikotoka mshauri mwenyewe, iliwafundisha zaidi mambo ya kuepuka. Rai iliyotoka ilikuwa ya kuwa na mfuko mmoja kwa watu wote, kujiunga kuwe lazima, na mgonjwa awe huru kwenda kwa daktari amtakaye. Lengo la mwanzo lilikuwa kufika mwaka 2000. Baadaye serikali ikaona watu hawatasubiri, ikausogeza mwaka karibu. Sheria ilipita Julai 1994, na tarehe 1 Machi 1995 milango ikafunguliwa. Kabla ya mwaka kwisha, zaidi ya watu 9 katika kila 10 walikuwa ndani.

Walifanyaje kwa wasio na mshahara? Hapa ndipo tunapotaka wakuu wetu wakaze macho. Mfanyakazi wa kampuni alitakiwa kulipa asilimia 30 ya mchango wake, mwajiri asilimia 60, na serikali asilimia 10. Mkulima na mvuvi hawana mwajiri. Basi wao walilipa asilimia 30 ile ile, na asilimia 70 iliyobaki ikabebwa na serikali. Fukara wa kweli hakulipa kitu, serikali ikamlipia yote. Mvuvi hakuambiwa angoje mpaka awe na ajira, wala hakuambiwa ajitolee akipenda. Aliingizwa siku ile ile aliyoingizwa karani, na fungu la serikali likaandikwa ndani ya sheria, halikuachiwa huruma ya bajeti ya kila mwaka.

Jambo jingine litawafurahisha wasomaji wetu wa visiwa vidogo. Taiwan nayo ina visiwa pembezoni, na ina vijiji vya milimani ambako daktari hapendi kukaa. Waliokuja kuendesha mfuko waligundua kwamba kumpa mtu bima mahali pasipo na tabibu ni sawa na kumpa tikiti ya meli isiyokuja. Mwaka 1999 ukaanzishwa mpango wa kuzilipa hospitali ili zipeleke watumishi na huduma katika maeneo hayo, na mgonjwa anayetibiwa huko akasamehewa malipo madogo ambayo wengine hutoa mlangoni. Tunawafikiria watu wa Kojani na Tumbatu tunapoyaandika haya.

Tusidanganyane, hata hivyo, kwamba kule ni peponi. Mwanzoni watu walinung'unika sana, na waliosema wameridhika walikuwa wachache. Ridhaa ilikuja baadaye. Mchango ulianza na asilimia 4.25 ya mshahara. Kufikia mwaka 1998 matumizi yalikuwa yameanza kuyazidi mapato, lakini wanasiasa, kama walivyo wanasiasa wa pote, waliogopa kuugusa mchango. Ukapanda hadi asilimia 4.55 mwaka 2002, ukangoja tena hadi 2010 kufika asilimia 5.17. Mwaka 2013 wakaona afadhali kuchangisha pia mapato yaliyo nje ya mshahara, kama kodi za nyumba, riba na gawio, maana tajiri wa kweli haonekani katika orodha ya mishahara. Ili kuzuia matumizi, wakaweka kima cha fedha cha mwaka mzima kwa kila tawi la tiba, wakianza na madaktari wa meno mwaka 1998 na kumalizia na hospitali mwaka 2002. Watu hukimbilia kwa daktari zaidi ya mara 10 kwa mwaka kila mmoja, na daktari humpa mgonjwa dakika chache tu. Lakini gharama za kuuendesha mfuko wenyewe ni chini ya asilimia 2, na hakuna familia inayouza shamba kwa sababu baba amepata maradhi ya figo.

China bara Hsiao alikuta hali nyingine. Vijiji vingi vya huko vilikuwa na tiba ya ushirika hadi miaka ya 1970, na ilipovunjwa kazi ya ujima, tiba nayo ikavunjika. Serikali iliporudisha bima ya vijijini mwaka 2003, ilielekea zaidi kulipia kulazwa hospitali. Hsiao na wenzake walifanya jaribio katika vijiji maskini vya magharibi, wakaanza na tabibu wa kijijini, aliyelipwa mshahara badala ya kula faida ya dawa anazouza, na wakulima wenyewe wakashiriki kuusimamia mfuko. Watu walikwenda kwa tabibu zaidi, wakapunguza kujitibu kwa kubahatisha.

Mtu asidhani kwamba kila alipokwenda alifaulu. Mwaka 2010 jimbo la Vermont, Marekani, jimbo dogo lenye watu wapatao laki sita na ushei, lilimwomba alichoree mpango wa bima ya watu wote. Akauwasilisha mapema mwaka 2011, na mwezi wa Mei Gavana Peter Shumlin akatia sahihi sheria kwa shangwe. Lakini sheria ile ilisema watu watapewa nini, na swali la fedha zitatoka wapi likaachwa lije baadaye. Maelezo ya fedha yalitakiwa yawe tayari Januari 2013, tarehe ikapita. Desemba 2014 Gavana huyo huyo akasimama mbele ya watu na kusema mpango umekwama: ungedai kodi ya asilimia 11.5 juu ya mishahara kwa waajiri, na juu yake kodi ya mapato ya hadi asilimia 9.5. Wapenzi wa mpango walisema, na hawakukosea, kwamba watu walikuwa wakizilipa fedha nyingi kwa kampuni za bima bila kuziona. Lakini mtu huogopa zaidi shilingi anayoiona ikitoka mfukoni. Laiti hesabu ile ingeletwa kabla ya shangwe, huenda Vermont ingechagua vingine, au ingechagua vile vile ikijua. Ilikuja miaka mitatu na nusu baada ya sahihi, na ikakuta hamu ya watu imekwisha poa.

Haya yote yanatuhusu nini? Baada ya Mapinduzi ya 1964 matibabu visiwani yalitangazwa kuwa bure. Wazee wetu waliokumbuka hospitali zilizopangwa kwa rangi na daraja walilipokea neno hilo kwa machozi, na hadi leo lina uzito. Ndiyo maana yanaposemwa maneno ya mfuko na michango, wako wanaoona kwamba wananyang'anywa ahadi. Hofu hiyo si ya kijinga, na hatupendi inapojibiwa kwa kejeli. Lakini kila mwenye kuuguza anajua kwamba "bure" mara nyingi imekuwa na maana ya kumwona daktari bure na kutumwa dukani na karatasi ya dawa. Mgonjwa haulizwi uji. Wala haipendezi kumuuliza pesa saa ile amelala. Mfuko uliopangwa vizuri unaweza kuirudishia ahadi ile maana yake. Ukipangwa vibaya utafanya yale yaliyoonekana Taiwan kabla ya 1995: mwenye cheti cha mshahara atakuwa na mlango wake, na mama anayelima mwani Paje atakuwa na foleni yake.

Hatulaumu kwamba Mfuko wetu ulianza na watumishi. Mahali pa kuanzia lazima pawepo, na mshahara ndio rahisi kukata. Tunachokihofia ni mazoea ya kuanza na kutomaliza. Aliyekwisha kutibiwa vizuri husahau haraka waliobaki nje, na aghalabu ndiye mwenye sauti. Watumishi wakishakuwa ndani, nani atakayesukuma mlango kwa ajili ya mchukuzi wa bandarini?

Kwa hiyo tunawaomba Waheshimiwa na wakuu wa Serikali watupatie mambo ambayo si makubwa. Hesabu za makadirio ya Mfuko, za miaka 10 au 20 ijayo, ziwekwe mezani katika Baraza la Wawakilishi na zichapishwe kwa Kiswahili ambacho sheha wa Micheweni anaweza kuwasomea watu wake. Tukiambiwa kwamba mchango utapaswa kupanda baada ya miaka kadhaa, tutasikitika lakini tutajua. Tukigundua wenyewe siku dawa zimekwisha, hatutasamehe.

Vilevile, mkataba wa kuzilipa hospitali na vituo uelezwe wazi. Kituo cha shamba kinachozuia ugonjwa kisipate kidogo kuliko hospitali inayoutibu baada ya kukomaa. Hapa Hsiao alitoa jasho la miaka, na wataalamu wetu hawana haja ya kuanza na ubao mtupu.

La mwisho ndilo zito, nalo ni fungu la asiye na mwajiri. Tusidai kwamba mkulima wa karafuu alipe kila mwezi kama karani, wakati fedha yake huonekana msimu wa mavuno tu. Mvuvi naye ana miezi ya kusi ambayo chombo hakitoki. Mchango wao ufuate msimu wao, na ukusanywe mahali ambapo fedha yao hupita: penye ununuzi wa karafuu, penye soko la samaki, penye vikundi vya mwani. Na upungufu ubebwe na Serikali kwa kima kilichoandikwa katika sheria, kama walivyofanya wenzetu wa kisiwa kile. Tutaulizwa fedha hizo zitoke wapi. Ni swali la haki. Watalii huja visiwani kwa malaki kila mwaka, na hoteli zinapumzika juu ya fukwe ambazo zamani zilikuwa diko za wavuvi. Hatusemi jibu lote liko hapo, ila tungeanza kutafuta huko kabla ya kuupekua mkoba wa mama wa mwani.

Baraza litakapokaa tena kujadili makadirio ya Wizara ya Afya, tungependa kumsikia angalau Mwakilishi mmoja, wa chama chochote, akisimama kuuliza: mvuvi wa Kojani atachangia shilingi ngapi, Serikali itamjazia ngapi, kuanzia mwezi gani, na tabibu atakayemtibu atavuka kwa mashua ya nani.